Aliyewapigia Hodi Watoto Wake

Boza likiingia mtaani kwetu Mkonze, tulijua mambo mawili: kwamba maji yamefika, na kwamba Jirani hatashuka sasa hivi. Alizima injini, akakaa palepale kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, macho kwenye ukuta wa choo chetu kama vile kuna picha imebandikwa pale. Watoto wake walitoka mbio, wakafika kwenye tairi la mbele na kusimama. Hawakupanda. Walisubiri mpaka baba yao afungue mlango mwenyewe, na hapo ndipo walipomrukia.

Siku moja nilimuuliza kama huwa anasali mle ndani. Akasema hapana, anapoa. Akanieleza kwamba gari likipandisha joto, hufungui kifuniko cha rejeta papo hapo, maji yatakurukia usoni. Unaliacha kwanza.

"Na mimi tangu alfajiri nagombana na watu kwa sababu ya foleni ya maji," alisema. "Nikiingia hivi hivi, kifuniko kitawafungukia wale wadogo."

Namwita Jirani kwa sababu ndivyo nilivyomwita miaka yote, na yeye aliniita hivyo hivyo, ingawa mimi ni binti mdogo tu na shikamoo nilikuwa nampa. Amezaliwa wapi na ukoo wake umetoka wapi sikuwahi kuulizia. Nilimkuta tayari ni mtu mzima, tayari amechoka. Alipanga vyumba viwili kwenye uzio mmoja na sisi, mimi na mama yangu, na alikuwa na watoto wawili. Zena alikuwa anasoma shule ya awali. Idi alikuwa bado hajajua kufunga vifungo. Mama yao alikuwa Maskati kwa mkataba wa kazi za ndani, akilea watoto wa watu, na kila Ijumaa alipiga simu ya picha ili kuwaona wa kwake. Jirani alikuwa akiishika ile simu juu kwa mkono ulionyooka, asionekane yeye. Alisema mke wake akimuona alivyokonda ataacha kazi kabla ya mkataba.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo tusiyazungumzie. Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo, ya kufungua darasa la watoto wadogo lenye kuta za rangi ya njano na vyoo vifupi vya kimo chao. Kwa hiyo Jirani aliponiomba nimshikie Idi mchana, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilidhani nitamfundisha Idi. Kumbe nilikwenda kusoma.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni hodi. Vyumba vyao viwili vilitenganishwa na pazia tu, khanga kuukuu ya mke wake, na watoto walilala upande wa ndani. Kila alipotaka kuingia upande ule, hata kama ni kuchukua shati lake, Jirani alisimama mbele ya pazia na kusema hodi. Kisha anangoja. Wakisema karibu, anaingia. Wakisema bado, anangoja. Niliwahi kumuona amesimama pale na vumbi lote la barabara ya Mkonze kichwani, taulo begani, anasubiri watoto wawili wamalize kuvisha gunzi nguo.

Mtaani walicheka sana. Mama yangu, ambaye hana haya, alimwambia mbele ya watu kwamba hajapata kuona mwanaume anabisha hodi kwenye nyumba anayoilipia kodi.

Jirani alisema, "Mama, kodi nalipa mimi. Chumba ni chao."

"Na wakikukatalia?"

"Nangoja. Mimi kungoja ndiyo kazi yangu, kwenye kisima nangoja kutwa nzima."

Sitaki mdhani alikuwa mtu mpole. Hapana. Upole wake wote aliumalizia ndani ya vile vyumba viwili na nje hakikubaki kitu. Barabarani alipiga honi kama mtu aliyeibiwa. Aligombana na wateja, aligombana na madereva wenzake, na asubuhi ukimsalimia kabla hajanywa chai anaweza asikuitikie. Kuna mama mmoja wa mtaa wa chini aliyemlalamikia kwamba maji yana tope. Jirani akamjibu kwamba basi asubiri mvua, na huku tulikuwa Agosti, upepo unapeperusha mpaka ndoo.

Tena alikuwa mwongo, yaani mwongo wa kazi. Mteja akipiga simu kuuliza boza liko wapi, Jirani alisema yuko njiani anaingia, na huku yuko kitandani anatafuta soksi. Uongo huo uliisha kwa namna ya kuchekesha. Simu iliita yuko chooni, Zena akaipokea, akamwambia mteja kwa sauti nzuri ya shuleni kwamba baba anasema yuko njiani lakini yuko chooni. Mteja akakata. Sisi uani tulikaa chini kwa kucheka. Jirani alipotoka, nilidhani leo mtoto atakoma. Akavuta kigoda, akakaa, akamtazama yule binti. Halafu akasema kwamba Zena amesema kweli na yeye ndiye alikuwa anadanganya, na kuanzia siku hiyo hatadanganya tena kwenye simu. Na hakudanganya. Alipoteza wateja wengine kwa ajili hiyo, maana watu wamezoea kuambiwa njiani.

Maneno yake hayakuwa mengi, na yote yalinuka gari. Idi akigalagala chini kwa hasira, Jirani alikuwa akisema "huyu anatoa upepo kwenye bomba, maji yatafuata," naye akakaa karibu yake bila kumshika mpaka kile kilio kigeuke kuwa machozi ya kawaida, ndipo akampakata. Mimi nilijaribu kumwiga, nikakaa karibu na Idi nikatulia kama yeye. Idi akanitupia kandambili. Nikamwambia Jirani kwamba njia yake haifanyi kazi. Akacheka, kicheko chake cha uchovu kisichofika mwisho, akasema na kwake pia kandambili zimepita nyingi.

Kuna siku ilimshinda. Hii lazima niieleze, maana mtu akisikia habari zake anaweza kudhani zilimjia kirahisi. Kwetu maji ya bomba ni kama mgeni, huja siku akitaka, na nyumbani kwa dereva wa boza ndiko maji yalikokuwa haba kuliko kwa watu wote, kwa sababu aliuza mpaka tone la mwisho. Jioni hiyo alikuwa amebakiza ndoo moja. Idi akaipindua yote ili aone kama mchanga utaelea. Jirani hakwenda kupoa popote. Alipiga ukelele mpaka kuku wetu wakarukia ukutani. Idi akajikojolea alipokuwa amesimama.

Nikaona uso wa Jirani unavyobadilika. Alichuchumaa kwenye lile tope, kwa magoti yaliyolia kwa sauti, akasema, "Idi mwanangu, nimekutisha. Nisamehe."

Idi akamwangalia, kamasi inamtoka, akasema, "Bado."

Mama yangu aliyekuwa anachambua mlenda akaguna. Alisema mzazi haombi msamaha kwa mtoto, atapandwa kichwani. Jirani alimwosha Idi kwa maji tuliyompa sisi, akasonga ugali, wakala. Baada ya kula, Idi alimwendea baba yake na kumpa kipande cha muhogo alichokuwa amekitafuna upande mmoja. Jirani alikila chote. Nadhani sijawahi kuona mtu anakula muhogo mbichi kwa heshima kama ile.

Sasa niseme habari ya Babu, maana ndipo yote haya yalipopimwa.

Babu, baba yake Jirani, ni dalali wa mahindi Kibaigwa. Mzee msafi, kofia yake nyeupe daima, mtu ambaye malori yanasimama akinyoosha kidole. Alikuja Jumamosi moja bila taarifa, kama wazee wanavyopenda kuja, na mfuko wa karanga na jogoo amefungwa miguu. Mimi nilikuwa sokoni. Jirani alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza pampu, mashine inanguruma, hasikii kitu. Ndani walikuwa watoto peke yao, na Idi alikuwa kwenye poti.

Babu akasimama mlangoni, akasema hodi.

Zena, ambaye alikuwa anamsaidia mdogo wake, akajibu kama alivyozoea kumjibu baba yake: "Bado."

Babu akakaa kidogo, akasema tena hodi. Bado. Akasema ya tatu, kwa sauti ya mtu mzima aliyesafiri kwa basi la asubuhi. Kutoka ndani ikaja ile sauti ndogo, safi, isiyo na haraka: "Bado. Subiri kwanza."

Mahali petu mtu akipiga hodi ya tatu asikaribishwe, anaondoka. Ndivyo alivyolelewa Babu, ndivyo alivyomlea mwanawe. Akageuka. Mama yangu alimwona kutoka mlangoni kwetu, akamkimbilia, akamkalisha kwenye mkeka wetu na kumpa maji. Hakuyanywa. Alisema amekataliwa hodi na mjukuu wake mwenyewe, na kwamba mtoto hasemi neno kama lile bila kulisikia kwa mkubwa. Alimwachia mama jogoo na ujumbe: msimu wa mahindi ukiisha atarudi kuwachukua watoto wote wawili wakakae Kibaigwa, wajue hodi ya mtu mzima inaitikiwaje. Akapanda bodaboda kwenda stendi. Mama alipofika nyuma ya nyumba kumwita Jirani, vumbi la pikipiki lilikuwa limeshatulia.

Jirani alimpigia simu usiku na mchana. Babu alisikiliza mara moja tu, akasema tutaonana, akakata. Mtaani wote walijua la kufanya. Mchape yule mtoto, babu yake asikie kwamba amechapwa, yaishe. Hata mimi moyo wangu uliyumba. Kumbuka huyu si mgeni aliyekuwa anatishia. Ni babu wa watoto, na mama yao yuko mbali. Baba anayeendesha boza, mwenye watoto wadogo wawili, nani angesimama upande wake?

Jirani alimwita Zena wakakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nafua karibu, nilisikia. Alimwambia hakufanya kosa, aliyekosea ni yeye baba yake, amemfundisha nusu. Hodi ya chumba chao ni yao kuiitikia. Hodi ya mlango wa nje ni ya mgeni, na mgeni hasubirishwi. Unakimbia kumwita baba. Zena akauliza kama Babu amekasirika sana. Jirani akasema ndiyo, sana. Hakumficha. Zena akauliza kama atawachukua. Jirani akasema hajui.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Visima vya karibu vilipungua, akawa anakwenda kuchota mbali, anarudia safari. Alikonda mpaka mkanda ukapata tundu jipya. Alikuwa bado anapoa kwenye gari, ila sasa alipoa muda mrefu zaidi, na siku nyingine watoto waligonga tairi taratibu kwa sababu alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye usukani. Aliwahi kusinzia mkono uko kwenye ugali. Zena alimtoa tonge vidoleni, akamfuta, akamfunika khanga ya mama yake, kisha akanigeukia na kuweka kidole mdomoni, ninyamaze. Mtoto wa shule ya awali. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Babu alirudi kama alivyosema. Safari hii alipiga hodi, na Zena alitoka mbio kama ameungua, akamwita baba yake, akarudi kumshika Babu mkono na kumpa shikamoo yenye adabu zote. Babu akaipokea. Lakini alikuwa amekuja na begi tupu kubwa, akaliweka mkekani mbele yetu sote. Mimi ndiye niliyekuwa namimina chai.

Hakuja kwa ugomvi, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alizungumza kwa upole kuliko nilivyotegemea. Alimwambia mwanawe ajitazame kwenye kioo. Kibaigwa kuna shangazi, kuna binamu, kuna maziwa, shule iko hatua chache. Mkeo akirudi atawakuta wamenenepa. Hata mama yangu aliitikia kwa kichwa. Na mimi, kwa kweli, sikuona uongo wowote katika maneno ya mzee yule.

Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi kujibu kabla hajamuuliza Zena.

Babu aliweka kikombe chini. "Unamuuliza mtoto?"

"Ndiye anayekwenda, Baba."

"Haya. Muulize."

Akamwita. Zena alikuja akasimama kati yao, vidole vyake vinakunja pindo la gauni. Jirani akachuchumaa, akamweleza yote bila kupamba: Babu anawapenda, kwa Babu kuna hiki na hiki, baba atakuja kuwaona lakini si kila siku. Akamuuliza anataka nini.

"Nataka kwenda kwa Babu," Zena alisema.

Babu hakucheka, lakini mabega yake yalilegea kama ya mtu aliyeshinda kesi. Jirani alibaki amechuchumaa. Alikuwa amewafundisha watoto wale kwamba neno lao linasikilizwa, na sasa neno ndilo hilo.

Akauliza taratibu, "Kwa nini, mama?"

"Mimi na Idi tukienda, wewe utalala."

Idi alikuwa anaingiza kichwa ndani ya lile begi tupu la Babu na kuliongelesha. Jirani alimvuta Zena karibu, akamshika mabega yote mawili.

"Zena, nisikilize. Uchovu huu ni wa baba. Si wako kuubeba. Ungeniambia unakwenda kwa ajili ya maziwa, au kwa ajili ya binamu zako, ningekufungia nguo sasa hivi. Kwa hili, hapana. Hili silipokei."

"Lakini umeniuliza," Zena alisema.

"Nimekuuliza. Na nimekusikia. Leo baba anasema hapana."

Zena akalia. Alilia kama watoto wanavyolia wakiondolewa kitu kizito mgongoni, kwa hasira kwanza, halafu kwa kuchoka, mpaka akalala kwenye bega la baba yake saa za mchana. Jirani naye hakuficha uso. Nilikuwa sijaona machozi yake, na Babu nadhani alikuwa hajayaona tangu mwanawe akiwa kimo cha Idi.

Mzee alizungusha kofia yake mikononi. Mwishowe akauliza, si kumuuliza mtu hasa, nani amemfundisha mtoto yule kumhurumia mtu mzima namna ile. Akamtoa Idi ndani ya begi, akalikunja, akaliweka chini ya makalio yake kama mto. Akasema chai imepoa, nimwongezee ya moto. Alilala pale siku ile, na kesho yake akaondoka peke yake.

Baadaye tajiri mwenye lile boza alihamishia magari yake upande wa mjini, na Jirani akahamia Makole ili awe karibu. Tuliagana haraka, boza linanguruma, watoto wamekaa mbele kati ya magodoro. Kwa muda mrefu sikuwaona. Nyumba yao ilipata mpangaji mwingine ambaye hapigi hodi hata kwa watu wazima.

Juzi nilipata habari njema: mwalimu mmoja mwenye darasa la awali amekubali nimsaidie na wale wadogo kabisa. Kuta zake si za njano, lakini nitaanza hapo. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni Jirani. Nikafunga safari Jumapili mchana hadi Makole, nikauliza kwa dereva wa boza ni wapi, nikaonyeshwa.

Mlangoni nilimkuta Babu amekaa kwenye mkeka na ungo wa karanga, Zena upande mmoja na Idi mwingine, wanabangua. Zena ameota meno mapya ya mbele. Nikampa mzee shikamoo, nikauliza kama Jirani yupo.

"Yupo. Amelala," Babu alisema kwa sauti ya chini. "Toka asubuhi."

Alinieleza kwamba mahindi yakipungua sokoni huja siku mbili tatu, mwanawe apumzike, mpaka mama yao amalize mkataba. Kisha akainua kidole, nisije nikadhani vibaya. Haya mambo ya kumwomba mtoto msamaha yeye hakubaliani nayo na hatakubaliana nayo. Watoto wanadekezwa. Lakini mtu lazima alale.

Akanisogezea ungo. Nikakaa, nikabangua. Mlango ulikuwa wazi nusu, na kwa ndani niliona miguu ya Jirani tu, visigino vimepasuka, mmoja umetoka nje ya godoro. Habari yangu nikaibana mdomoni.

Idi akanyang'anywa karanga na dada yake, akafungua kinywa kulia. Babu akamkazia macho.

"Baba yako kalala. Nenda ukalilie huko nje."

Idi akafunga kinywa. Akatafuta kandambili zake, akazivaa, kushoto kulia na kulia kushoto, akapita uani, akafungua geti kwa shida na kulirudisha polepole. Ndipo tukamsikia ameanza, mbali, kwa sauti yake yote. Nikanyanyuka nimfuate. Kule godoroni, ule mguu haukutikisika.